Keki ya Mardi Gras nyumbani: ya hamira, ya mtindi, ya kopo au galette ya Wafaransa, uoke ipi?

Nianze na jibu kabisa afu maelezo yafuate. Kama una nusu siku na mikono yako imezoea kukanda unga wa mahamri, oka ile ya hamira. Kama una masaa mawili tu na watoto wanakuzunguka miguuni, oka ya mtindi kwenye tini yenye tundu katikati. Ya kopo ni ya dharura, na galette ya Wafaransa waachie wageni wachache wazima wanaopenda lozi na kahawa. Zote nne nimezioka jikoni kwangu huku Louisiana na zote zimeliwa zikaisha, kwa hiyo sisemi kwamba kuna mbaya, nasema kila moja ina siku yake na watu wake, na ukikosea kuchagua utajikuta saa nne usiku bado unasubiri unga uumuke na wageni wameshaaga.

Kwa ambao hawajaiona: New Orleans wana msimu mzima wa keki moja, wanaiita king cake, keki ya mfalme. Unaanza Januari 6, ile sikukuu ya Tokeo la Bwana tunayokumbuka Mamajusi, unaenda mpaka Mardi Gras, Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Wakatoliki mtaelewa mara moja, Kwaresima inakuja kwa hiyo mayai, siagi na sukari vilivyomo ndani vinaliwa sasa hivi. Keki yenyewe ni duara yenye tundu kama pete kubwa, ndani mdalasini, juu aisingi nyeupe na sukari ya rangi tatu, zambarau, kijani na dhahabu. Rangi hizo zimetoka kwa Rex, chama cha maandamano ya karnivali kilichoanza 1872, na mwaka 1892 Rex wakazitangazia maana: zambarau haki, kijani imani, dhahabu nguvu. Ndani ya keki kunafichwa kitoto kidogo cha plastiki na atakayekikuta kwenye kipande chake ndo analeta keki inayofuata au anaandaa sherehe inayofuata, basi inazunguka hivo, nyumba kwa nyumba, ofisi kwa ofisi, darasa kwa darasa, mpaka Mardi Gras ifike.

Kitu kimoja kinanipa moyo sana kwenye habari hii. Kati ya keki zinazogombaniwa kuliko zote mjini ni za Dong Phuong, bekari ya familia ya Kivietinamu iliyoko New Orleans Mashariki, watu waliokuja kama wageni kama sisi, wakachukua keki ya wenyeji wakaioka kwa unga wao laini wa brioshi (mkate wenye mayai na siagi nyingi) na kuipaka krimu chizi, na mwaka 2018 wakapewa tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya mapishi Marekani, ile ya migahawa ya mtaani inayopendwa na wenyeji. Sa kama wao walifanya hivo basi na wewe ukitia iliki kwenye yako hakuna atakayekuuliza. Mimi natia iliki kila mara na sijutii.

Tuje kwenye kazi.

Ya hamira

Hii ndo keki yenyewe. Unga wa ngano gramu 500, maziwa ya vuguvugu mililita 180, pakiti moja ya hamira ya haraka (gramu 7), sukari gramu 80, mayai mawili na kiini kimoja cha ziada, siagi laini gramu 100, chumvi kijiko kimoja cha chai, kungumanga kidogo ya kukwaruza, ganda la limau lililokwaruzwa, na iliki kijiko kimoja cha chai kama una moyo wangu. Changanya vyote isipokuwa siagi, kanda mpaka unga ushikane, ndo uanze kutia siagi kidogo kidogo huku unaendelea kukanda. Hapo katikati utaona unga unanata mikononi kama vile umeharibika, usiogope na tafadhali usiongeze unga mkavu, endelea tu kukanda dakika kumi mpaka kumi na mbili utajikusanya wenyewe na utakuwa laini unang'aa. Ukiongeza unga hapo ndo unapata keki kavu ambayo kesho yake inameng'enyuka kama mkate wa wiki iliyopita.

Funika, acha uumuke mpaka uwe mara mbili. Dar au Mombasa hata saa moja haifiki, huku Januari nyumba ikiwa baridi inaweza kuchukua masaa mawili, kwa hiyo weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa ila taa yake inawaka, joto lile dogo linatosha kabisa. Ukishaumuka sukuma uwe mstatili wa kama sentimita 25 kwa 60, paka siagi laini gramu 60, nyunyiza sukari ya kahawia gramu 100 iliyochanganywa na mdalasini kijiko kikubwa kimoja, kunja kwa urefu kama unavyokunja mkeka, unganisha ncha mbili uzibane vizuri kwa vidole vilivyolowa maji. Weka kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, na katikati ya tundu weka kikombe cha bati kilichopakwa siagi nje, maana bila hicho tundu litajiziba wakati wa kuumuka na utapata mkate wa duara badala ya pete. Acha dakika 45 tena, oka nyuzi 180 za Selsiasi dakika 25 mpaka 30. Ikiwahi kuwa kahawia juu funika na foili.

Aisingi ni sukari laini gramu 200 na maziwa vijiko vikubwa viwili au vitatu, iwe nzito inayomwagika taratibu. Keki ipoe kwanza. Na sukari za rangi unatengeneza mwenyewe, usinunue: weka sukari ya kawaida kwenye mfuko mdogo wa plastiki, dondoshea matone mawili ya rangi ya chakula, sugua kwa nje mpaka isambae, mimina kwenye sahani ikauke. Zambarau ni nyekundu na bluu pamoja. Hii kazi wape watoto, wataipenda kuliko keki yenyewe. Ila kumbuka sukari inanyunyizwa aisingi ikiwa bado mbichi, ukichelewa dakika tano inateleza yote inabaki kwenye trei.

Jumla ni kama masaa manne, lakini kazi ya mikono haizidi dakika 50, mengine yote ni kusubiri, unafua, unapika mchana, unasali. Watu wanasikia masaa manne wanakimbia na hapo ndo huwa nawashika mkono, kwa sababu mama yeyote wa pwani aliyewahi kukanda mahamri jioni ili yakaangwe asubuhi ameshafanya kazi hii mara nyingi tu, tofauti ni mayai, siagi na kuoka badala ya kukaanga. Inatosha watu 12 mpaka 14.

Ya mtindi

Hii si ya asili na wenyeji wa New Orleans watakwambia, lakini ina tundu, ina mdalasini, ina rangi tatu, na mtoto anafichwa humo humo. Haihitaji kukanda wala kusubiri. Siagi gramu 170 na sukari gramu 220 unapiga mpaka viwe vyeupe, unatia mayai matatu moja moja, vanila, halafu unga gramu 300 uliochanganywa na bekingi pauda vijiko viwili na nusu vya chai na chumvi kidogo, unapokezana na mtindi mzito mililita 240. Mtindi usiwe wa sukari. Nusu ya rojo kwenye tini iliyopakwa siagi na kunyunyizwa unga, juu yake sukari ya kahawia gramu 80 na mdalasini vijiko viwili vya chai na korosho zilizokatwakatwa, halafu nusu iliyobaki. Nyuzi 170, dakika 45 mpaka 55, choma na kijiti kitoke kikavu.

Uzuri wa hii ni kwamba inasamehe. Ukipima kwa kikombe badala ya mizani inatoka, ukiacha oveni dakika tano zaidi bado inalika, na siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza kwa sababu mtindi unashika unyevu. Ya hamira haiko hivyo, ile ni ya siku hiyo hiyo na kesho yake asubuhi unaipasha, siku ya tatu ni ya kukata vipande na kuloweka kwenye maziwa na yai ukaange kwa kiamsha kinywa (na hapo nayo ni tamu mno).

Ubaya wake: ikiliwa unasikia keki, husikii king cake. Ule utamu wa unga wa hamira uliotanuka na nyuzi zake unazozivuta kwa mkono haupo. Kama wageni wako hawajawahi kuila ya asili hawatajua wanachokosa, kama wamekulia New Orleans watashukuru kwa heshima na watakula, ila utaona machoni.

Na hii ndo pekee kati ya nne inayookwa vizuri bila oveni. Wale mlio nyumbani mnaotumia jiko la mkaa mnajua: sufuria kubwa, mchanga chini, tini ndani, mfuniko juu na makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini. Kama huna tini yenye tundu chukua tini ya kawaida ya duara ukasimamishe katikati kikombe cha bati kilichopakwa siagi na kutiwa mchanga safi au mchele ndani kisielee. Rojo zito la mtindi linavumilia moto usio sawa sawa, unga wa hamira wenye sukari ndani unaungua chini kabla haujaiva juu.

Ya kopo

Sina mengi. Madukani Marekani kuna makopo ya roli za mdalasini mbichi, unafungua, unazipanga roli kwa duara zikigusana, makopo mawili yanatosha watu 8 au 10, unaoka kwa moto ulioandikwa kwenye kopo, unamwaga aisingi iliyomo humo humo, unanyunyiza rangi. Dakika 40 umemaliza. Ikiwa ya moto ni tamu, ikipoa inakuwa nzito na sukari yake inakaa kooni. Mwalimu akikutumia ujumbe jioni kwamba kesho ni zamu ya mwanao kupeleka keki darasani, hii ndo yako wala usijisikie vibaya, ila uliza kwanza kama shule inaruhusu vya kuoka nyumbani maana nyingi zinataka vya dukani vyenye lebo. Nairobi au Dar sioni sababu ya kuihangaikia, makopo hayo hupati kirahisi na ukiyapata ni bei ya kuumiza, kwa pesa hiyo unaoka ya mtindi mbili.

Galette

Hii ni dada mkubwa wa ukoo, ya Ufaransa, galette des rois, inaliwa Januari zaidi kuliko karnivali yenyewe lakini huku Louisiana kwa sababu ya ule undugu na Ufaransa baadhi ya bekari zinaitoa msimu wote. Haina rangi wala aisingi. Ni unga wa matabaka, ule unaouzwa umegandishwa (siyo manda za sambusa, msichanganye), maduara mawili ya sentimita kama 25, katikati krimu ya lozi: unga wa lozi gramu 100, sukari gramu 80, siagi laini gramu 60, yai moja. Unapaka ukiacha ukingo wa sentimita mbili, unaficha kitu chako karibu na ukingo, unafunika, unabana pembeni kwa maji, unapaka kiini cha yai juu tu bila kugusa ukingo kwa sababu yai likishuka pembeni linagundisha matabaka na hayapandi. Weka friji nusu saa, chora mistari kwa kisu butu, toboa tundu dogo la mvuke, oka nyuzi 200 dakika 30.

Kwa sura, galette inashinda bila mashindano, inatoka imepanda inang'aa watu wanadhani umenunua. Na kazi yake ni nusu saa tu. Lakini ni ya watu 8, lozi ni ghali, na kwenye kundi lolote la watoto siku hizi uliza kwanza habari ya aleji ya karanga na lozi, hilo si jambo la kupuuza hata kidogo. Watoto wengi niliowapa walikula ukingo wakaacha katikati. Wanachokipenda ni ule mchezo wa Wafaransa, mtoto mdogo kuliko wote anaingia chini ya meza, keki inakatwa, mkubwa anauliza "hiki cha nani?" na yeye anataja majina bila kuona, ili kusiwe na upendeleo, na atakayepata kilichofichwa anavaa taji la karatasi. Mchezo huo uchukueni mkafanye na keki yoyote ile, kwetu sasa hakuna kukata bila mtu kuingia chini ya meza.

Sasa ukiziweka kando kwa kando

Ukiangalia muda peke yake ya kopo inashinda, ukiangalia ladha ya hamira inashinda mbali sana, na mimi nasisitiza ladha kwa sababu watu wanapika keki ya sherehe kwa kuangalia picha, wanatumia rangi nyingi na aisingi nyingi juu ya kitu kisicho na ladha ndani. Aisingi kidogo, mdalasini wa kutosha, chumvi isisahaulike. Krimu chizi ndani ya ya hamira ni nyongeza nzuri sana (gramu 225, sukari gramu 60, vanila, kijiko cha unga ili isitoke maji) lakini usizidishe, ikiwa nyingi inapasuka ubavuni na kumwagika kwenye trei, na oka dakika tano zaidi.

Ukiangalia vyombo, ya hamira inataka trei tu na mikono, ya mtindi inataka tini na mchapo au mashine, galette inataka friji yenye nafasi, jambo ambalo kwenye nyumba ya sherehe si dogo kwa sababu friji imejaa soda na nyama. Ukiangalia watoto, ya hamira ina kazi kwa kila umri, mdogo anasugua sukari, mkubwa anasukuma unga, wa kati anakunja. Ya mtindi wataishia kulamba mwiko. Ukiwa na wageni zaidi ya 20 usioke moja kubwa, oka ya hamira moja na ya mtindi moja, ya mtindi uioke siku moja kabla na ya hamira siku yenyewe, hapo unakuwa umepumua.

Walio kwenye miinuko, Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya bahari na Bukavu nayo ni juu, punguzeni bekingi pauda kwenye ya mtindi iwe vijiko viwili, sukari pungufu vijiko viwili vikubwa na mtindi zaidi vijiko viwili, la sivyo inapanda kwa fujo halafu inazama katikati. Na hamira huko inafanya kazi haraka, angalia unga, usiangalie saa.

Kuhusu kitoto cha plastiki, naomba mnisikilize hapa. Hakiokwi. Keki ikishapoa unaigeuza kidogo, unachana chini kwa kisu, unakisukuma ndani. Na kabla ya kukata unawaambia wote kwa sauti kwamba kuna kitu ndani, hasa wazee wenye meno ya bandia na wageni wasiojua mila hii. Kama kuna watoto wa chini ya miaka mitatu minne usitumie plastiki wala maharage makavu, mpe kipande chake umekikagua kwa mkono. Sisi tukiwa hatuna watoto wadogo mezani tunatumia korosho moja nzima, inaliwa na haivunji jino, ila kama kuna mwenye aleji ya korosho basi chora alama chini ya sahani moja na atakayepata sahani hiyo ndo mfalme au malkia.

Mwisho ni tarehe, kwa sababu zinahama na Pasaka. Mwaka 2027 Mardi Gras ni Februari 9, na Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu siku hizo hizo kutegemea mwandamo wa mwezi. Kama meza yako ina Waislamu kama yangu usingoje Jumanne yenyewe, msimu umefunguliwa tangu Januari 6, chagua Jumamosi yoyote ya Januari, kila mtu awepo na ale mchana. Na kwa wanaouliza kama inagandishwa: ya hamira inagandishwa vizuri ikiwa haijapakwa aisingi, ifunge mara mbili, itoe usiku uliotangulia, ipashe nyuzi 150 dakika 10 ndo upake na kunyunyiza rangi. Ya mtindi vivyo hivyo. Galette igandishe ikiwa mbichi, uoke siku hiyo.